Mpira Ndani ya Pipa

Nyumba ya Fundi ilijengwa kwenye mteremko. Jiko lilikuwa chini, ua katikati, na juu kabisa, kando ya matuta ya nyanya, palisimama pipa la lita mia mbili. Bomba la uani lilikuwa na mpira wa maji wa kijani, wenye urefu wa mita ishirini, na mpira huo haukuwa na makao. Leo ulilala kwenye ngazi, kesho ukajizonga kwenye miguu ya kiti, keshokutwa ukaachwa juani mpaka ukababuka.

Asiyemjua mwenye nyumba angedhani hajui lolote kuhusu maji. Kumbe alikuwa fundi bomba wa miaka ishirini na minane, tena mkali kama pilipili. Akimkuta mteja amezamisha mpira kwenye ndoo, hakuitika salamu kabla hajautoa. "Maji hayana adabu," alikuwa akiwaambia. "Presha ikishuka yanarudi yalikotoka, na yanarudi na kila kilichomo ndooni." Kisha aliwafungia kwenye bomba kifaa kidogo cha shaba, kinachoruhusu maji kwenda na kuyakataza kurudi. Cha kwake mwenyewe kilikuwa kwenye droo, ndani ya karatasi yake, mwaka wa tatu sasa.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kila alipoinua macho aliuona ule mpira.

"Baba watoto, mpira wako utaota mizizi hapo."

"Nitauviringisha."

"Na kile kidude chako cha shaba?"

"Kazi ya dakika tano ile."

"Dakika tano zako zina miaka mitatu. Kweli mganga hajigangi."

Fundi alicheka. Alijua mkewe anasema kweli, lakini ukweli ulikuwa mdogo, na mambo madogo yalikuwa na foleni ndefu.

Mtaa ule ulikuwa na mgao wa maji. Yalikuja bila kubisha hodi na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na desturi moja: bomba huachwa wazi na mpira hutumbukizwa pipani, ili maji yakija yajikinge yenyewe. Ijumaa jioni Fundi aliona wadudu kwenye nyanya. Akamimina dawa ya kuwaua katika pipa, akatumbukiza mpira mpaka chini, akafungua bomba. Pipa lilipofika nusu, maji yakakatika. Akatazama mpira, akatazama bomba, akasema moyoni kwamba yatarudi tu. Akaacha kila kitu kama kilivyo.

Asubuhi aliondoka mapema kwenda kufunga mabomba kwenye jengo jipya. Saa tatu simu yake ikalia.

"Maji yanatoka jikoni, lakini taratibu," mkewe alisema. "Yana weupe, na kaharufu kidogo. Hebu niambie, wewe mtaalamu."

Fundi alikuwa juu ya ngazi, spana mkononi. "Weupe ni hewa. Harufu ni ya mabomba yaliyokauka. Acha yatiririke kidogo, kisha uchemshe."

"Haya, Fundi. Nakunywa chai kwa ushauri wako."

Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake yote, na kila neno lilikuwa na makosa. Maji ya mgao hayakuwa yamerudi. Maji yale yalikuwa yakishuka kutoka pipani, yakipita ndani ya mpira, yakiingia bombani na kuteremka hadi jikoni. Kuyaacha yatiririke kulileta dawa zaidi, na moto wa jiko haukuweza kuiondoa.

Kabla ya adhuhuri jirani alimpigia kumwambia wanampeleka mkewe hospitali. Alikuwa akitapika, jasho likimtoka kama amemwagiwa maji, mate yakimchuruzika. Fundi alifika hospitali na ovaroli yake ya kazi. Daktari, mwanamke asiyepoteza maneno, alimuuliza, "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Chai tu."

"Maji ya chai mmeyatoa wapi?"

Fundi alifungua kinywa aseme bombani. Papo hapo aliliona pipa akilini. Aliuona mpira, urefu wake wote, na bomba lililobaki wazi. Akataja jina la dawa, kiasi alichomimina, na lita za maji zilizokuwemo. Daktari aliandika huku akimwagiza muuguzi alete sindano.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Umejuaje, kama hukuwepo?"

"Ndiyo kazi yangu," Fundi alijibu, na akatamani isingekuwa.

Siku tatu mkewe alikuwa baina ya kufa na kupona. Siku ya nne akaomba mto mwingine, na Fundi akakaa chini kwa mara ya kwanza. Alirudi nyumbani akamwaga maji yote, akasafisha mabomba, akafunga kile kifaa cha shaba. Kukifunga kulichukua dakika nne. Mpira aliukamua maji, akauviringisha na kuutundika kivulini. Hakuna aliyemsifu, naye hakutazamia sifa.

Mkewe alitembea tena. Lakini wiki chache baadaye vidole vyake vikaanza kufa ganzi, havikujua tena tofauti ya hariri na gunia. Daktari alisema huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Mke hakumlaumu mumewe hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Mwisho wa mwezi alikunja vitambaa vya wateja, kumi na moja kwa idadi, akampa avirudishe.

Fundi alipita mlango kwa mlango. Bibi mmoja mwenye kitambaa cha zambarau alikataa kukipokea.

"Kaa nacho, baba. Mwambie nitamngoja yeye tu. Itachukua muda gani hivi?"

Fundi alitazama kitambaa kile kisichokatwa. Maisha yake yote alikuwa na jibu la swali hilo kwa kila mteja: saa mbili, siku moja, dakika tano.

"Sijui, mama," alisema.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Na wakati mwingine mguu huo huwa ni wa mwenzake.