Kwa Nini Mtani Hulia Kuliko Wafiwa

Mkwe wangu, usinune. Nilikuona jana ulivyomkazia macho yule mzee aliyeingia msibani akijigaragaza, akilia kwa sauti kubwa kuliko wenye msiba, kisha akashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Kwenu hakuna mambo hayo, najua. Endelea kumenya ndizi, nami nitakueleza yalivyoanza. Na ninyi wengine mnaojifanya mnajua, nyamazeni, maana kila mmoja wenu huisimulia vibaya.

Hapo kale watu walikuwa hawajajua kutaniana. Mtu akifa, kazi ilikuwa kulia tu, na aliyeonekana hata na tabasamu alihesabiwa kuwa ndiye aliyeua. Watu walikaa wameinamisha vichwa mpaka shingo zikawauma.

Siku hizo, katika kijiji cha warina asali, alikuwepo mwanamke aitwaye Kalunde. Huyu alijaliwa kilio. Akianza kumlilia marehemu, akitaja alivyolima na alivyokaribisha wageni, hata waliomchukia marehemu walitafuta pa kufutia machozi. Kila penye msiba aliitwa, akatandikiwa mkeka wa mbele, akapewa maji ya kunywa kabla ya wazee. Hakuwa na mtoto wala mzinga wa nyuki. Alikuwa na kilio chake, na alijivunia kama wengine wanavyojivunia ng'ombe wao.

Ikatokea ndugu yake mwenyewe, Machibya, akashikwa na homa akafa. Aliacha mke, Nyamizi, na kitoto kichanga cha kunyonya. Kalunde alilia siku ile kuliko alivyowahi kulia. Alimpenda ndugu yake, hilo lazima niliseme. Lakini Nyamizi hakulia. Aliegemea ukuta, macho makavu, hali wala hasemi. Maziwa yakamkauka. Wanawake wengine walijaribu kukinyonyesha kile kitoto, kikakataa, kikawa kinalitafuta ziwa la mamaye lisilo na kitu. Kila mtu aliona kwamba si muda watachimba kaburi jingine, dogo.

Ng'ambo ya kijito waliishi wafinyanzi, na mmoja wao, Mihayo, alikuwa rafiki wa Machibya. Akaja kusaidia kuchimba. Enzi hizo watu walizikwa nyuma ya nyumba zao, hivyo Nyamizi aliliona shimo kutoka pale alipokaa. Lilipokwisha, Mihayo alilala humo kupima kama litamtosha mwenzake. Akiwa chini akakumbuka jinsi Machibya, mrina asali mzima, alivyoogopa nyuki mpaka akawa anawaamkia kabla ya kupanda mti. Basi kwa sauti ileile ya puani ya Machibya akaita kutoka shimoni:

"Shikamooni, wakubwa zangu! Nimekuja kwa amani. Asali kidogo tu, ya mke wangu. Msinivue nguo kama juzi!"

Watu wakaganda. Kisha wakasikia kicheko, na aliyecheka alikuwa Nyamizi. Aliikumbuka siku mumewe aliporudi nyumbani amevaa majani. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, machozi yakamtoka, akalia kilio chote alichokuwa amekifungia. Alipomaliza akaomba uji. Kabla jua halijazama kitoto kikanyonya kikashiba.

Sasa mtazame Kalunde. Alikuwa kwenye mkeka wake wa mbele, katikati ya kilio kizuri, akaona migongo. Watu wote walikuwa wamemgeukia Mihayo. Wivu ukamshika, mkwe wangu, wivu wa kuchoma koo. Miaka yote nimewalilia watu mpaka sauti imekwaruza, alijiambia, na leo wifi yangu hakunitupia hata jicho. Mfinyanzi huyu analala shimoni anabwabwaja, ndiye anayeshukuriwa? Akasimama, akamnyooshea kidole.

"Mnamwona? Nani huleta mzaha mtu akifa, ila aliyemroga?"

Wazee waliogopa, na desturi ilikuwa upande wake. Wakamfukuza Mihayo, wakamkataza kuvuka kijito.

Kesho yake Nyamizi aliegemea tena ukuta, hataki kula. Kalunde akaiona nafasi yake. Kama ni kuchekesha tu, alisema moyoni, hata mimi naweza. Akasimama mbele ya wifi yake, akaitengeneza sauti ya puani: "Mimi ndiye Machibya, mvivu wa kuezeka! Nimehama nyumba inayovuja, nimepata isiyovuja!"

Hakuna aliyecheka. Maneno yale hayakuwa mabaya kuliko ya Mihayo, ila yalitoka kwa dada wa marehemu, na dada ni miongoni mwa wanaorithi. Nyamizi alisikia mengine kabisa: leo wanataja makosa ya mume wangu, kesho watataja mizinga yake. Akausukuma uji, akamgeuzia wifi yake kisogo.

Kile kitoto kililia, kisha kikawa hakilii tena, kinafungua mdomo tu. Kalunde alikipakata. Yeye aliyejua vilio vyote hakuwa amewahi kuona kilio kisicho na sauti. Wivu haukumtoka, usidhani. Aliuchukua, akavuka nao kijito.

Alimkuta Mihayo anakanda udongo.

"Kaka Mihayo, nilikuonea wivu, nikakusingizia," alisema. "Na bado nakuonea. Lakini njoo, mtoto anakufa."

"Nije nifukuzwe tena?"

"Atakayekufukuza aanze na mimi."

Mihayo akanawa mikono. "Nasikia na wewe ulijaribu kuchekesha."

"Nilijaribu. Hawakucheka."

"Wangechekaje, dada yangu? Wewe ni wa mle ndani. Ukisema paa linavuja, mjane anasikia unalidai paa. Mimi sirithi hata mzinga mmoja. Wewe lia, kazi hiyo siiwezi. Upuuzi niachie mimi."

Akaingia uani kwa Machibya amejifunga majani kiunoni, anachechemea, anageuka nyuma kama anayefukuzwa na nyuki. Nyamizi alimwona, akacheka, akala. Kitoto kile kilikua, kikawa mrina asali hodari asiyemwamkia nyuki yeyote. Nao wazee wakakata shauri: warina wakifiwa, wafinyanzi ndio watakaotania, na wafinyanzi wakifiwa, warina. Ndugu wa damu walie.

Lakini Kalunde hakupona wivu wake. Kila msiba alimtupia Mihayo jicho la pembeni, na watu wakizidi kucheka naye alizidi kupandisha kilio. Mihayo naye akazidisha upuuzi. Wakazeeka hivyo, wakishindana juu ya maiti za watu.

Kisha Kalunde akafa. Watu walikusanyika, wakagundua kwamba hakuna ajuaye kumlilia, maana aliyejua ndiye aliyelala. Mkeka wa mbele ulikuwa mtupu. Ndipo Mihayo, mzee wa fimbo sasa, akavuka kijito, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka ule akakaa. Akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kulia kwa sauti ya Kalunde: ile mikwaruzo, kule kupanda juu na kukatika ghafla, hata lile jicho la pembeni la kuangalia nani anamtazama.

"Nitazameni mimi!" alilia. "Nimekufa mimi, msimtazame Mihayo!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walichelewa kutambua kwamba mzee ameacha kuigiza. Alikuwa analia kwa sauti yake mwenyewe, peke yake juu ya mkeka ule, na hakuwepo tena wa kumwonea wivu.

Na tangu siku hiyo, mtani huingia msibani akilia kuliko wafiwa wote. Habari ya kuku ni ya juzi tu, hiyo wamejiongezea wenyewe. Kesho atakuja tena kwenye matanga, mkwe wangu, nawe ucheke, maana ndicho anachokuja kutafuta. Ila akifika katikati ya kile kilio, umtazame usoni.