Ukoko wa Mashine ya Pimbi

"Nimwage, nisimwage?"

"Mwaga!"

"Nikimwaga mtakinga?"

"Tutakinga!"

"Na wewe unayesinzia pale nyuma?"

"Nimeamka!"

Haya, kingeni.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na mafundi wao, Pimbi alikuwa na mashine ya kupandia nyasi. Mashine yenyewe ndogo: tangi, pampu ya injini, mpira mrefu, na ndani ya tangi mwiko wa chuma unaozungushwa kwa mkono. Pimbi alikuwa mdogo kama paka, lakini mlima ukivuliwa nguo na mvua, yeye ndiye aliyeitwa kuuvika. Anatia maji kwanza. Anatia karatasi zilizolowekwa na majani makavu. Anatia samadi, anatia gundi. Mbegu anazitia mwisho, maana mbegu zikikaa sana majini zinavimba na kuoza. Anakoroga, buruga-buruga! Anarusha ule uji mlimani, fyaaa! Uji unanata, mbegu haziendi na maji, nyasi zinaota.

Basi milima ya watu wote ikawa kijani. Kikabaki kilima kimoja, cha mama yake mwenyewe. Mafundi mnawajua walivyo.

Mama yake Pimbi alikuwa mzee, macho yamefifia, miguu haimtii tena. Shimo lake lilikuwa chini ya ubavu wa kilima uliobaki udongo mtupu, na masika yaliyopita udongo ule ulishuka mpaka mlangoni.

"Mama, nikuhamishe," Pimbi alimwambia.

"Unihamishie wapi, mwanangu? Hapa ndipo nilipowazaa."

Pimbi akalia kidogo, akajifuta, akaenda kuitia mashine grisi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mbegu alizobakiwa nazo zilitosha tangi moja tu. Zikipotea hizo, masika yatamfukia mama yake.

Asubuhi moja akajaza tangi. Ndiyo kwanza ametia mbegu, akasikia nchi inatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko huyo, ametoka mtoni, pua juu, ananusa.

"Unapika nini?"

"Chakula cha kilima, mjomba."

"Kilima kina mdomo?"

"Hakina."

"Mimi ninao." Akaupanua. Jamani, ulikuwa mdomo! Tangi zima lingeingia, na fundi wake juu.

Pimbi akarudi nyuma hatua moja. Angeweza kukimbia, miambani hakuna wa kumshika. Akamfikiria mama yake kule chini, akabaki.

"Kunywa, mjomba, karibu. Ila wanaojua hawahangaiki na uji."

"Wanahangaika na nini?"

"Na ukoko."

Kiboko akafunga mdomo, pwa! Macho yakamlegea. "Mama alikuwa akiniachia ukoko," alisema, na sauti ikashuka. "Nilikuwa mdogo. Nikikwangua chungu, anacheka."

Pimbi akamwonea huruma, na huruma ile ikamkera, kwa sababu si rahisi kumlaghai mtu unayemhurumia. Lakini angefanyaje?

"Uko wapi huo ukoko?" Kiboko akauliza.

"Chini kabisa. Uji umeukalia."

"Umwage uji!"

"Peke yangu siwezi, mjomba. Mimi nishike mpira, na mwiko auzungushe nani? Usipozungushwa, mbegu zinatuama."

"Lete huo mwiko!"

Injini ikawaka, tuku-tuku-tuku. Kiboko akazungusha, buruga-buruga. Pimbi akarusha, fyaaa! Kilima kikaanza kuvaa.

"Ukoko tayari?"

"Bado, mjomba. Zungusha."

Buruga-buruga. Fyaaa!

"Ukoko tayari?"

"Bado kidogo, mjomba. Zungusha."

Mara mpira ukakohoa. Fya... fya... fyu. Kimya. Kijiti kimeziba pua ya mpira.

"Nimechoka," akasema Kiboko. "Nakunywa uji." Akainamisha kichwa tangini.

"Mjomba! Ukinywa sasa utaukoroga ukoko wote!" Huku anasema, huku amezima injini, amefungua pua ya mpira, anachokonoa kwa mwiba. Kijiti kikachomoka. Injini ikawaka tena, tuku-tuku-tuku. Fyaaa! Kiboko akaguna, akarudi kwenye mwiko.

Uji ukaisha. Ubavu wa kilima wote ulikuwa umevaa. Kiboko akachungulia tangini.

"Mbona sioni ukoko?"

"Umegandia kwenye chuma. Unalainishwa kwa maji safi."

Basi Kiboko akashuka mtoni, akaleta maji kwa ule mdomo wake, mapipa mazima. Akazungusha, yakasukutua tangi, yakasukutua pampu, yakasukutua mpira mpaka yakatoka meupe. Gundi haikupata mahali pa kukauka. Halafu akalamba kilichobaki. Akalamba tena.

"Pimbi. Hii ni gundi."

"Ndiyo, mjomba."

"Na karatasi."

"Na samadi," akasema Pimbi kwa sauti ndogo.

Kiboko akainua mguu. Kivuli cha mguu kikamfunika Pimbi mzima mzima, akafumba macho.

"Nani huyo aliyekuwa akikoroga?" Sauti kutoka shimoni. Mama yake alikuwa anajikokota nje, anapapasa ukuta. "Nimeusikia mwiko toka asubuhi. Mkono wa nguvu huo! Mwanangu hajawahi kupata msaidizi kama wewe. Umekula, mwanangu?"

Kiboko akashusha mguu polepole, pembeni. "Sijala, mama."

"Unafanyaje kazi na njaa? Ngoja."

Akarudi ndani, akatoka na kichungu chake, kidogo kama kifuu. Ndani yake kulikuwa na ukoko wa ugali wa mtama, wa kahawia, unalia kwa ukavu. Kiboko akaukwangua kwa ncha ya ulimi, kru-kru-kru. Bibi kizee akasikia ile kru-kru, akacheka. Kiboko machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Manyunyu yakaja kwanza, nyasi zikachomoza. Kisha masika yenyewe yakaja, yakapiga, yakapiga, na udongo haukushuka hata konzi moja. Bibi kizee alilala chini yake fofofo.

Na Kiboko? Nyasi ndicho chakula chake, mnajua. Kila jioni alipanda mpaka ukingoni mwa zile nyasi changa, akazinusa, akameza mate, akapita kwenda kula mbali. Chini ya nyasi zile alilala mtu aliyemuuliza kama amekula.

Fundisho, watoto: msiwadanganye wakubwa hata siku moja! Tazameni yaliyompata Pimbi mwongo: kilima kijani, mashine safi, mama mzima, na mjomba wa kukoroga bure kila msimu. Shida tupu! Mnataka hayo yawapate ninyi?

Yangu yamekwisha. Iliyo tamu nendeni nayo nyumbani. Iliyo chungu niachieni mimi, nimeizoea.