Gugu Lililofanana na Mpunga

Sogeeni, wajukuu, masikio yatangulie. Zamani hizo mto ulikuwa bado unachagua pa kupita, na watu waliuhesabu mwaka kwa mafuriko yake. Zamani hizo, jioni moja, Siwatu alitoka bondeni kwenye shamba lake la mpunga, akakaa kizingitini akisugua tope miguuni, akamwambia mumewe, Ungando, "Pande la juu sijalipalilia. Kesho."

Ungando akaitikia, "Haya." Wakala, wakalala.

Kesho yake Siwatu akaamka na homa. Siku ya tatu akazikwa.

Sasa, katika nchi ile mwanamume alifyeka na kuwinga ndege. Kupalilia ilikuwa kazi ya wanawake. Wakaja na vijembe vyao wamsaidie mfiwa. Ungando akasimama mbele yao.

"Ahsanteni, mama zangu. Alichopanda Siwatu hakitaguswa."

Wakarudi. Nyie mngefanyaje? Mfiwa habishiwi.

Mvua zikanyesha. Gugu likanywa maji, mpunga ukangoja. Gugu likala rutuba, mpunga ukangoja. Gugu likapanda juu, likakinga jua, na mpunga ukangoja chini yake, mwembamba, wa njano. Ungando hakuuona. Aliona kijani tu, na kila asubuhi alisimama ukingoni, moyo ukatulia kidogo.

Mwezi ukapita, akaja Somoe, mdogo wake Siwatu.

"Tazama mpunga wa dada yako ulivyoshamiri," Ungando akamwambia.

Somoe akatazama. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, umekula wali miaka ishirini na mpunga huujui? Hilo ni gugu!"

"Mbona vimefanana?"

"Vimefanana kwa macho. Lete mkono." Akamshikisha bua. "Hapa jani linapoachana na bua, mpunga una kiulimi chembamba. Unakisikia? Haya, shika na hili. Tupu! Dada alikuwa akipapasa tu, huku anapiga soga."

Ungando akapapasa. Kweli, tupu.

"Gugu hili litapukutisha mbegu kabla mpunga haujaiva," Somoe akasema. "Na mbegu ya mpunga huu alipewa na mama yetu. Haimo katika ghala yoyote, yote iko humu shambani. Usipopalilia sasa, mbegu ya Siwatu imekwisha."

Ungando akalipapasa tena lile bua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na nikikosea, nikang'oa wake?"

"Utang'oa, shemeji. Hata yeye aling'oa. Hakuna palizi isiyoua mpunga."

Asubuhi yake, umande haujakauka, Ungando akakunja nguo magotini, akaingia shambani. Akapapasa: kiulimi kipo, akauacha. Akapapasa: tupu, akang'oa. Akapapasa, akaacha. Akapapasa, akang'oa. Mgongo ukauma, akaendelea. Mara akang'oa bua, akalipapasa tena likiwa mkononi, na kiulimi kilikuwapo.

Akasimama nalo kitambo. Kisha akaliweka juu ya lundo la magugu, akainama, akashika jingine.

Basi, wajukuu, asiyetaka kuchagua, gugu humchagulia. Kisa changu kimeiva, nimeepua. Mkikiona kitamu, kuleni. Mkikuta mchanga, pepeteni.