Mtani Aliyekuja na Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Mpo, au nimwambie ukuta?

Tupo, sema tusikie!

Hapo kale palikuwa na mtu jina lake Kizenga, na binti yake Mwasiti. Ukoo wa Kizenga ulikuwa na mwiko: mwili wao hauguswi na wembe wa mganga. Mizimu ndiyo huponya, basi.

Mwasiti akaota jipu pajani. Likavimba, likavimba, likavimba, hata mtoto akashindwa kusimama. Mganga wa kijiji cha pili akasema, "Nikilipasua mapema, atapona. Likipasukia ndani, atakufa."

"Mwiko ni mwiko," akajibu Kizenga.

Wasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sawa. Lakini uchungu wa jipu aujuaye ni mwenye jipu.

Mama Mwasiti akasihi, akalia, akachoka. Akaenda kwa Magubika, mtani wa mumewe. Nanyi mnajua, mtani hafukuzwi wala hachukiwi, na msiba ukitokea, mwenye kazi ni yeye.

Siku ya kwanza Magubika akaja na kitambaa cheupe. "Nimeleta sanda."

"Mtoto hajafa," akasema Kizenga.

"Haya, nitangoja."

Siku ya pili akaja na chungu kikubwa. "Wali wa matanga tupikie wapi?"

"Mtoto hajafa."

"Haya, nitangoja."

Siku ya tatu akaja na jembe. Hakusalimu. Akaanza kuchimba uani: ti, ti, ti.

Kizenga akatoka. "Magubika, hata utani una mpaka. Unamchimbia kaburi mtu aliye hai?"

"Wembe umeukataa, mtani wangu. Nikaona jembe umelikubali."

Mwasiti akaita kutoka ndani, sauti imekwisha: "Baba, mwiko huo mliapa wewe na babu. Mimi paja linaniuma."

Kizenga akambeba mgongoni, mbio hadi kwa mganga. Jipu likapasuliwa. Mtoto akalia, usaha ukatoka, akalala.

Kizenga akangoja ghadhabu ya mizimu. Siku moja, mbili, tatu, kimya. Siku ya saba Mwasiti akaenda kisimani na mama yake, anachechemea.

Kizenga akabaki uani na lile shimo. Akashika jembe alifukie, ndipo akaona jinsi shimo lilivyo fupi. Lilikuwa la kimo cha Mwasiti; mtu mzima asingeenea humo. Akaketi ukingoni akalia, aibu na furaha pamoja, kisha akafukia.

Mimi nimefika kwangu. Ikiwa tamu, gawaneni njiani; ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.