Mende wa Jiwe la Tasiana

"Mende hapigi hodi, nyumba ilimkuta." Mmeisikia sokoni mkacheka. Chekeni tu, lakini methali hiyo ilizaliwa kwa hasira, na chanzo chake ni hiki.

Tasiana alikuwa mjane wa Kosmasi, kule Umatengoni. Walipohamia mteremko ule palikuwa pori tupu. Kosmasi alifyeka nyasi, Tasiana akachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia maji shambani, mpaka viganja vikaota sugu. Oswini, mdogo wake Kosmasi, wakati huo alikuwa Tanga akikata mkonge. Hakung'oa hata unyasi mmoja.

Basi matanga hayajapoa, Oswini huyo. Hodi hakupiga. Aliingia na vibarua wake, akaanza kuchimba msingi wa nyumba katikati ya mahindi ya mjane. Mtu mzima na ndevu zake, haya hana.

Tasiana alimwita balozi wa nyumba kumi. Damu ilimchemka, ila alijikaza mpaka mzee akaketi.

"Shemeji, unanitoa hapa kwa haki gani?"

"Hii ni ardhi ya ukoo," Oswini akajibu. "Wewe umeingia kwetu kama mende tu. Na mende hufagiliwa."

Vibarua wakacheka. Tasiana alinyakua nyundo yao, akalipiga jiwe bapa lililotoka msingini, maana asingepiga jiwe angepiga mtu. Jiwe likafunguka pande mbili. Ndani mlikuwa na mende: mabawa, miguu, hata vipapasio, vyote vimekuwa jiwe.

Balozi aliligeuzageuza. "Huyu ni babu yao mende," akasema. "Alikuwa hapa binadamu hajakuwapo bado."

"Umesikia, Oswini?" Tasiana akamgeukia. "Umeniita mende, nami nimekubali. Mende hapigi hodi, nyumba ilimkuta. Wewe ndiye uliyezikuta ngoro zangu. Sasa toka, ukapige hodi."

Oswini akamtazama balozi. Balozi akanyoosha fimbo kuelekea njiani.

Akatoka. Akasimama mpakani, vibarua wake wakimtazama, akapiga hodi mara tatu. Tasiana alikuwa ameinama, anafukia ule msingi kwa jembe lake. Hakuitika, wala hakumkaribisha mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo mkimwona mtu amekuja jana na tofali zake, anamfukuza aliyelifyeka pori, msimchekee. Mwambieni usoni: mende hapigi hodi, nyumba ilimkuta.