Nani Asitupe Udongo

Hapo zamani, si zamani za majini na mazimwi, zamani za juzijuzi tu, palikuwa na nchi mbili jirani, Lukwezi na Masendo. Lukwezi ilikuwa na maporomoko yaliyozalisha umeme mwingi. Masendo ilikuwa na hospitali ya mpakani iliyoishi kwa jenereta bovu. Wakubwa wakapatana: ijengwe njia moja ya umeme, ivuke mpaka, kila nchi isimamishe nguzo upande wake.

Nguzo zikaja kutoka huku, zikaja kutoka kule. Zilipofika bonde la Nyakera, zikakwama.

Njia ya kwanza ilipita bondeni, upande wa Masendo, juu ya makaburi ya mume na wana wa Bi Nyamizi. Mjane huyo akaja akaketi juu ya kaburi.

"Niliwazika mara moja. Siwafukui."

Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Njia ya pili ilipita mlimani, upande wa Lukwezi, katikati ya msitu wenye chemchemi. Mhandisi Kalokola wa Lukwezi akakataa.

"Miti hii ikikatwa, vijiji vyote vya chini vitakunywa matope. Sikati."

Njia ya tatu ilizunguka kinamasi cha Masendo, lakini Lukwezi ilitaka nguzo za huko zilindwe na askari wake. Mhandisi Shemdoe wa Masendo akakataa.

"Askari wa jirani akishaingia, hatoki. Sisaini."

Wakakutana, wakanywa chai, wakapeana mikono, wakaachana. Mvua zikapita. Wakakutana tena, wakanywa chai, wakaachana. Nguzo zikabaki zinatazamana bila waya, kunguru wakajenga juu yake.

Ndipo Tulizo, binti pekee aliyembakia Bi Nyamizi, akajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto akawekwa kwenye mashine ya joto pale hospitali ya mpakani. Adhuhuri jenereta likazimika. Muuguzi akamfunga kichanga kifuani mwa mama yake, akampulizia pumzi, akampulizia tena. Jua halijashuka, mtoto akawa wa baridi.

Sasa, kwa watu wa Nyakera, aliyesababisha kifo hatupi udongo kaburini. Siku ya maziko Tulizo akashika jembe, akasimama mbele ya shimo.

"Aliyeniulia mwanangu arudi nyuma."

Hakurudi mtu.

"Mwanangu," akasema Bi Nyamizi, "nililinda baba yako na kaka zako. Njia nyingine mbili zilikuwepo. Huyu ni mjukuu wangu. Nitamzikaje bila kumtupia udongo?"

Kalokola alikuwa amevuka mpaka kwa miguu. "Dada, kule chini kuna watoto wanaokunywa chemchemi ile. Ningewaua wao ili wako aishi?"

Shemdoe hakuinua macho. "Nilitumwa kulinda ardhi yetu. Ningesaini, hata wewe ungeniita msaliti. Lakini jenereta lile nililijua. Nililijua siku zote."

Tulizo akamtazama mama yake, akamtazama mgeni, akamtazama mtu wa kwao. Wote watatu walikuwa wameshachota udongo, umejaa viganjani, unadondoka kidogokidogo. Mtoto alikuwa bado juu ya shimo, ndani ya kanga, wingu la mvua linakaribia.

Mimi sina la kumwambia. Nyinyi mnaonisikiliza, jembe lingekuwa mkononi mwenu: je, mngemnyima nani udongo?