Nani Amnyoe Makokha?

Hapo zamani, na si zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya vita vya Bama, Wazungu walipowapeleka vijana wetu ng'ambo, palikuwa na askari wa milimani akiitwa Makokha. Sogeeni karibu, maana mwishoni nitauliza swali, na atakayesinzia nitaanza naye.

Makokha alimwacha mkewe Nekesa na mimba changa, akapelekwa kupigana na watu asiowajua, katika msitu usiojua kiangazi. Buti zikamwozea miguuni. Wenzake wakiimba, yeye anamwaza mtoto. Ni wa kike au wa kiume? Kachukua pua ya nani? Alimchosha rafiki yake Nzioka, Mkamba mmoja wa mabega mapana, kwa maswali hayo hayo.

"Mimi si mkunga," Nzioka alimwambia. "Hebu tulale."

Siku moja bomu likamkata Makokha mguu. Amri ikatoka: rudini nyuma, majeruhi waacheni. Nzioka akageuka, akambeba mgongoni. Risasi zinalia, yeye anakwenda. Matope yanafika magotini, yeye anakwenda.

"Niache, utakufa bure," Makokha akasema.

"Nikikuacha, nani atanisumbua na pua ya mtoto?"

Akamfikisha kwa madaktari, akapona.

Huku nyuma habari ikafika mlimani kwamba Makokha amekufa. Na desturi ya kwao ilikuwa hivi: mtu akifia mbali, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake. Ukishazikwa, basi. Hata akija mzima hapokewi, kwa kuwa ana kaburi lake.

Khisa, mdogo wake Makokha, akasema azikwe, watu wafute machozi. Wengine wakanong'ona kwamba anamezea mate ng'ombe wa kaka yake, na mke pia. Mimi simo, nawaambia yaliyosemwa tu.

Kaburi likachimbwa. Mgomba ukaletwa. Mara Nekesa akaruka, akaingia shimoni, akalala chali.

"Mume wangu hajafa," akasema. "Mkitaka kuzika, tuzikeni sote, mimi na huo mgomba."

Haya, nani atamfukia mtu hai? Wakambembeleza, hatoki. Wakamtukana, hatoki. Mvua ikanyesha, shimo likajaa tope, hatoki. Khisa akapandwa na hasira. Akachukua ngoma ya msiba akaipiga kwa mdundo wa ukoo wao, ili ndugu wa mabondeni waje wamtoe mwanamke huyu kwa nguvu.

Na Makokha je? Kumbe yuko sokoni, chini ya mlima huo huo! Lori lilikuwa limemshusha pamoja na Nzioka, lakini Makokha akakataa katakata kupanda mlima.

"Nikaonwe hivi, nusu mtu?" alisema. "Lori likigeuza, narudi nalo. Mwanangu na anijue kwa jina tu."

Nzioka alimsihi mpaka mate yakamkauka. Wapi. Ndipo ngoma ikalia. Makokha akautambua mdundo wa kwao. Akamuuliza mama muuza viazi, "Nani kafa?"

"Makokha, yule wa Bama. Wanamzika leo."

Makokha akaangusha kiazi alichokuwa akila, akakamata magongo. Alipanda ule mlima kwa mguu mmoja kama anayefukuzwa na nyuki. Akianguka, anainuka. Nzioka mwenye miguu miwili anamwita amngoje.

Akatokea uwanjani, watu wakatawanyika kama kuku. Nekesa akachomoza shimoni, tope mpaka kwenye nyusi, akacheka na kulia kwa pamoja. Akakimbia kumkumbatia. Mzee wa ukoo akamzuia kwa fimbo.

"Bado. Aliyechimbiwa kaburi haguswi na wa nyumbani mwake, ila kwa wembe, mpaka anyolewe, na anyolewe kabla jua halijazama, ama sivyo kaburi ni lake. Atakayemnyoa ndiye mzazi wake wa pili. Neno lake halikataliwi maisha yote. Makokha, shika wembe, umpe aliyekurudisha."

Nzioka akasema, "Nipe mimi. Bila mgongo wangu ungeliwa na funza Bama. Wazazi wangu wamekufa nikiwa vitani, sina pa kurudi. Neno langu ni moja: nikae hapa, niwe ndugu."

Nekesa akasema, "Mgongo ulimleta mpaka sokoni, mwanajeshi. Nani alimwekea mlango wazi? Baba Nasambu, nisingelala humo, ungefika ukakuta una kaburi. Nipe mimi. Neno langu ni kwamba hutaondoka tena, hata waje na bunduki."

Khisa alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilikosa, kaka. Lakini rafiki yako alikusihi, hukupanda. Mkeo alikuwa shimoni, hukumsikia. Ni ngoma yangu iliyokuinua. Nipe nikunyoe, na neno langu litakuwa unisamehe, nisifukuzwe mbele za watu."

Makokha akageuza wembe mkononi. Mlangoni pa nyumba alisimama Nasambu, msichana wake mdogo, kidole mdomoni, na pua yake ilikuwa ya Makokha mwenyewe, haijapungua kitu. Akapeleka gongo mbele, akalirudisha. Hatua chache tu, naye haruhusiwi.

"Mama," mtoto akauliza, "mbona baba hanishiki?"

Jua limeshagusa kilima. Haya, nyie mlioketi hapa, semeni upesi, mtoto anangoja: wembe apewe nani?